Sura ya Sita: Kompyuta Iko Pwani, Mkono Uko Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, na karibu zote ni kona. Barabara inaliacha joto la bondeni, inapita Soni, inapanda hadi mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Masika yakikolea, udongo hushuka barabarani na magari hulala njiani mpaka katapila lifike. Kabichi, karoti na viazi vinavyoshuka kwenda Dar es Salaam vimelipia kona hizo. Saruji, mbolea na dawa zinazopanda zimelipia zaidi. Katika milima ya Usambara umbali haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa mafuta, breki na mvua.

Kompyuta imeleta aina ya kazi isiyolipia kona hizo. Sura hii nzima nimeipa chombo kimoja tu cha kazi hiyo, kwa sababu naamini kijana wa Lushoto anayekijua vizuri halazimiki kuhamia Dar es Salaam ili awe fundi wa mitambo ya Dar es Salaam. Chombo chenyewe kinaitwa ssh. Hakina picha wala vitufe vya rangi. Ni mstari wa maandishi kwenye kioo cheusi.

Tuseme binti mmoja amekaa Magamba, juu kidogo ya mji. Seva anayoitunza iko Dar. Anaandika:

ssh asha@seva date

Neno la kwanza ni chombo. Linalofuata linataja jina analojulikana nalo kwenye mashine ya mbali, kisha jina la mashine yenyewe. La mwisho ni programu anayotaka ianze huko. Hapa ni date, programu ndogo inayotaja tarehe na saa. Akibonyeza kitufe cha kuingiza, programu hiyo haianzi kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Inaanza Dar. Inatumia prosesa ya Dar, kumbukumbu ya Dar na umeme wa Dar, inasoma saa ya Dar, na kinachopanda mlima kurudi kwake ni mstari mmoja wa herufi. Aiondoe date na kuweka programu itakayopiga hesabu kwa saa 9 mfululizo, utaratibu ni uleule. Amri nyepesi imesafiri, kazi nzito imebaki kwenye mashine yenye nguvu.

Wepesi huo wa amri ndio unaofanya chombo hiki kiwafae watu wa mlimani. Kioo cha kawaida cha kompyuta ya leo kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta zaidi ya milioni 2. Anayeitawala seva kwa kuangalia picha ya kioo chake anadai sehemu ya nukta hizo zisafirishwe kila kitu kinapobadilika, na hata zikibanwa vipi, bando litaliwa. Dirisha la amri lilirithi kipimo kilichoenezwa na kituo cha kioo na kibodi kiitwacho VT100 cha kampuni ya DEC mwaka 1978: herufi 80 kwa mistari 24. Jumla yake ni herufi 1,920. Ukurasa mzima wa kazi unaingia kwenye herufi zisizofika hata 2,000, na herufi moja unayoibonyeza, pamoja na ulinzi na anwani zake zote, husafiri kwenye pakiti ya takriban baiti 100. Mtandao ukiwa dhaifu, mnara ukiwa umelemewa jioni, picha hugoma na maandishi hupita. Simu ya mkononi yenye Android inatosha kabisa: kuna programu ya bure iitwayo Termux inayokupa dirisha la amri na ssh ndani yake. Nawaomba walimu wa kompyuta wanaonisoma walifikirie hili kabla ya kutumia muhula mzima kufundisha jinsi ya kupaka rangi vichwa vya majedwali.

Wazo la kuiamuru kompyuta iliyo mbali lina umri uleule wa mtandao. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akijaribu kuingia kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Ni mbali kuliko Lushoto na Dar es Salaam. Alitakiwa aandike LOGIN. Herufi L ikafika, O ikafika, kisha kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Walirudia kama saa moja baadaye wakafaulu. Ujumbe wa kwanza kabisa wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, haukuwa salamu wala barua. Ulikuwa ni mtu kuomba kuitumia mashine asiyoiona, na muunganisho ukamkatikia mkononi.

Wakati huo Tanzania haikuwa nyuma sana. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siwezi kuwacheka waliotoa amri ile. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mitambo ilitegemea wataalamu wa nje, na hesabu za Hazina zilizopaswa kunyooka zilipinda zaidi. Hata hivyo bei yake tumeilipa sisi. Katika miaka ambayo kompyuta zilikuwa bidhaa ya kuombea kibali hapa kwetu, wenzetu kwingineko walikuwa wakikosea, wakirekebisha na kukosea tena katika jambo hilihili la kuamuru kwa mbali. Marufuku ilipolegea na miaka ya 1990 ikatukuta na mtandao, tulipokea vyombo vilivyokamilika bila kumbukumbu ya makosa yaliyoviunda. Ndiyo maana inafaa kuyasimulia.

Kosa kubwa lilikuwa kuaminiana kupita kiasi. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, na ndani yake mlikuwa na chombo kiitwacho rsh. Kazi yake ni ile niliyoieleza: andika jina la mashine, andika amri, programu ianze huko. Tofauti ilikuwa kwenye ulinzi. Mashine ingeweza kuwekewa orodha ya mashine nyingine inazoziamini, na aliyetokea kwenye mashine iliyo katika orodha aliruhusiwa bila kuulizwa neno la siri. Penye kuulizwa neno la siri, lilisafiri wazi kwenye waya, na yeyote aliyekaa katikati aliweza kulisoma. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu inayojizalisha yenyewe, na mojawapo ya njia zake za kuhama kutoka mashine hadi mashine ilikuwa rsh. Maelfu ya kompyuta yalilemewa. Hakuhitaji kuvunja kila mlango. Mingi ilikuwa imefunguliwa na majirani wenyewe.

Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, uliingiliwa na mtu aliyekuwa akinasa maneno ya siri yakipita. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika chombo kipya cha kuchukua nafasi ya rsh na vile vilivyofanana nacho, akakitoa bure Julai mwaka huo. Aliomba apewe mlango namba 22, uliokuwa wazi kati ya 21 wa kuhamishia mafaili na 23 wa telnet, chombo kikongwe cha kuingilia kwenye mashine za mbali, naye akapewa. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Mwaka 1999 wasanidi wa OpenBSD wakatengeneza toleo huru, OpenSSH, na hilo ndilo lililomo leo katika karibu kila seva ya Linux duniani.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe, maana hapa ndipo wengi hufundishwa kubonyeza bila kufundishwa kuelewa.

Binti wa Magamba anapoiita seva kwa mara ya kwanza, kompyuta hizo mbili hazijawahi kukutana. Zinaanza kwa kubadilishana namba hadharani, kwa njia iliyochapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwisho wake kila upande unafikia siri moja ileile ambayo haikupita kwenye waya. Siri hiyo ndiyo inayosimba kila kitu kinachofuata. Mtu aliyeko kwenye mnara, kwenye ofisi ya kampuni ya simu au kwenye kibanda cha intaneti ataona pakiti zikipita na hataweza kuzisoma.

Lakini hilo halitoshi. Umezungumza kwa siri, sawa. Umezungumza na nani? Kwa sababu hiyo ssh husimama na kuonyesha alama ya utambulisho ya seva, mlolongo wa herufi na tarakimu, kisha huuliza kama uendelee. Karibu kila mwanafunzi niliyemwona huandika yes papo hapo. Tafadhali usifanye hivyo. Mpigie simu anayeitunza seva ile, akusomee alama anayoiona yeye, ulinganishe herufi kwa herufi. Ni kazi ya dakika moja, na unaifanya mara moja tu, kwa kuwa kompyuta yako itaikumbuka seva hiyo daima na itakupigia kelele siku alama ikibadilika. Mtu akijiweka katikati siku ya kwanza na wewe ukamkubali, usimbaji wote unaofuata unamlinda yeye.

Upande wa pili nao una haki ya kukuuliza wewe ni nani. Unaweza kujibu kwa neno la siri, ila njia bora ni jozi ya funguo. Amri ssh-keygen hutengeneza faili mbili: ufunguo wa siri, usiotoka kwenye kompyuta yako, na ufunguo wa wazi, unaowekwa kwenye seva katika faili liitwalo authorized_keys, mstari mmoja kwa kila ufunguo. Unapobisha, kompyuta yako hutia saini kwenye ujumbe unaohusu mazungumzo hayo tu, kwa kutumia ufunguo wa siri. Seva huikagua saini kwa ule wa wazi. Kila Mtanzania anajua barua ya mtendaji wa kijiji haina kazi bila muhuri. Huu ni muhuri ambao ofisi zote zinaweza kuuhakiki, hakuna anayeweza kuuchonga mwingine unaofanana nao, na alama yake kwenye barua ya leo haiwezi kubanduliwa ikabandikwa kwenye barua ya kesho. Ufunguo wa siri wenyewe uufungie kwa maneno ya siri marefu, kwa sababu simu huibiwa.

Nije kwenye suala linalonigusa kuliko yote, kukatika kwa mtandao.

Vitabu vingi vya kompyuta vimeandikwa na watu wanaodhani muunganisho upo kama hewa ilivyopo. Hapa kwetu, kabla ya mwaka 2009, data nyingi za kwenda nje zilipita kwa setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano ya aina ile hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Herufi moja uliyoibonyeza ilipanda umbali huo, ikashuka umbali huo, na jibu lake likafanya safari hiyohiyo: kilomita 144,000, ambazo mwanga wenyewe huzimaliza kwa karibu nusu sekunde. Ungeandika amri yenye herufi 20 huku kila herufi ikitokea kwenye kioo baada ya kidole kuiacha zamani. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikaanza kazi Dar es Salaam, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuutandaza uwezo huo bara. Kusubiri kukapungua sana. Kukatika kukabaki. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hapa kuna somo la mahali pa kuweka seva: mashine iliyo Dar, inayobadilishana data na watumiaji wa ndani kupitia TIX, kituo cha watoa huduma wa intaneti wa Tanzania, haihitaji kebo ya baharini ili imfikie mtu wa Lushoto.

Mlimani, sababu za kukatika ni nyingi na nyingi hazina uzito wa habari. Umeme wa mnara umekwisha. Bando limeisha katikati ya kazi. Umepanda basi na mlima umekuja kati yako na mnara. Na hapa Unix ina tabia ya kale inayomuumiza mgeni. Zamani vituo vya kioo na kibodi viliunganishwa na kompyuta kwa waya wa simu, na mtumiaji akikata simu maana yake ameondoka, kwa hiyo kompyuta ilipeleka ishara ya kuzima programu zake zote. Ishara hiyo ipo hadi leo. Ukianzisha kwa ssh kazi ya saa 9, mtandao ukakatika saa ya 7, seva inaweza kuhesabu kwamba umeondoka na kuiua kazi yako, ilhali wewe umekaa palepale unasubiri alama za mtandao zirudi.

Dawa rahisi ni nohup, neno linalotangulia amri na kuifanya programu isiijali ishara hiyo. Dawa ninayoipenda zaidi ni tmux, ambayo Nicholas Marriott aliianzisha mwaka 2007. Iliyotangulia, GNU Screen, ni ya mwaka 1987. Unaingia kwenye seva kwa ssh, unaandika tmux new -s ripoti, na seva inafungua chumba chenye jina hilo. Kazi unaianzishia humo. Chumba ni mali ya seva, hakitegemei waya wako. Mtandao ukikatika, wewe ndiye uliyetoka nje na kazi inaendelea. Ukirudi baada ya dakika 5 au siku 2, unaandika tmux attach -t ripoti na kukuta mistari iliyoandikwa wakati hupo. Tangu nilipoizoea sijaanzisha kazi ndefu kwenye mashine ya mbali nje ya chumba cha namna hii, hata nikiwa kwenye mtandao mzuri.

Kuna pia mosh, kilichotolewa mwaka 2012 na Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT. Hicho hutumia ssh kwa jambo moja tu, kuanzisha programu yake ndogo upande wa pili, kisha huendelea kwa njia yake yenyewe inayostahimili kukatika na hata kubadilika kwa anwani. Hukuonyesha herufi zako papo hapo kwa kukisia kabla jibu halijafika. Ukiwa Mombo na mtandao mmoja, ukalala kidogo kwenye kona za Soni, ukaamkia Lushoto kwenye mtandao mwingine, dirisha lako bado liko wazi.

Msomaji atauliza ni kazi gani hiyo ya saa 9 inayomhusu mtu wa Usambara. Zipo, na nyingi zinamhusu bila yeye kuziona. Muuguzi wa zahanati anapojaza kitabu cha takwimu za afya cha MTUHA, takwimu zake hukusanywa na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, na ambao tangu mwaka 2013 unatumika nchi nzima. Mfumo wa namna hiyo hukaa kwenye seva za Linux, na usiku hupanga upya majedwali yake ili asubuhi mganga mkuu wa wilaya apate chati za chanjo na malaria kwa haraka. Kazi hiyo ikikwama, mtu huingia kwa mstari wa amri kuianzisha tena, na mtu huyo hahitaji kuwa jirani na seva.

Utabiri wa hali ya hewa unafundisha zaidi. CCAFS, mpango wa utafiti wa CGIAR kuhusu tabianchi na kilimo, uliichagua Lushoto kuwa moja ya maeneo yake ya Afrika Mashariki, pamoja na Nyando na Wote nchini Kenya na Hoima na Rakai nchini Uganda. Mwaka 2015 Henry Mahoo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha kazi kuhusu kuunganisha dalili za mvua wanazozijua wakulima wa Lushoto na utabiri wa msimu wa kisayansi. Kwa upande wa sayansi, programu za kupiga hesabu za anga, kama WRF, mara nyingi ni kubwa mno kwa mashine moja. Hugawanywa vipande, kila kipande cha anga kikapewa prosesa yake, na anayeanzisha huandika amri moja iitwayo mpirun. Amri hiyo mara nyingi hutumia ssh chinichini kwenda mashine moja baada ya nyingine na kuanzisha kipande kwenye kila moja. Kwa maneno mengine, kompyuta kubwa ya hali ya hewa ni kundi la kompyuta ambamo moja inazianzishia nyingine programu kwa mbali, kwa kanuni ileile ya binti wa Magamba na date yake.

Milima hii ina historia ndefu ya kutoa maarifa na kupokea maagizo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyetawala wilaya ya Tanga enzi ya Wajerumani, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa huko jina la kisayansi, Saintpaulia, na leo linapamba madirisha dunia nzima. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, Usambara Mashariki, kituo kikubwa cha utafiti wa mimea kwa faida ya mashamba ya koloni lao. Sampuli zilishuka, amri zilipanda. Mtu wa Lushoto anayeanzisha hesabu ya mvua za Lushoto kwenye mashine kubwa iliyo kokote anaugeuza mwelekeo huo, na mimi nalitamani jambo hilo kuliko minara mipya.

Nguvu hiyo ina upande wake wa kutisha. Kwenye Windows chombo kinachofanana na ssh kwa kazi hii ni PsExec cha Mark Russinovich. Unataja mashine, unataja programu, na kama una mamlaka ya msimamizi, chombo kinajipenyeza huko kama huduma ndogo na kuianzisha. Mafundi wa mitandao ya ofisi wamekitumia kwa uaminifu miaka mingi. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi NotPetya, kilichoanzia Ukraine, kiliiba utambulisho wa wasimamizi kwenye mashine kilizoingia na kutumia PsExec hiyohiyo, pamoja na njia nyingine, kujianzisha kwenye mashine za jirani. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu kompyuta zake zote zilizohifadhi orodha ya nani ni nani katika mtandao wake. Ilipona moja, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kuitoa mtandaoni kabla ya shambulio. Mtandao wa huko ulikuwa mwembamba mno kupeleka data hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza, ikabidi mmoja wao aruke hadi Nigeria na kumkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaipeleka London. Naisimulia ili mwanafunzi aelewe kwamba anayeshika ufunguo wa msimamizi ameshika ofisi nzima. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, hata kama hakuharibu kitu.

Imebaki safari ya upande wa pili: mashine iko mlimani na mkono uko kwingine. Fikiria kituo kidogo cha hali ya hewa kwenye shule ya Mlalo, kompyuta ya Raspberry Pi, paneli ya jua, laini ya simu. Mwalimu akiwa likizo Tanga anataka kuianzisha upya programu ya kipima mvua. Atashangaa kwamba kituo hakipigiki. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Kutoka ndani unapita, kutoka nje hakuna wa kukuonyesha mlango. Suluhisho ni kituo chenyewe kupiga kwanza:

ssh -R 2222:localhost:22 kituo@seva

Kituo kinaiita seva iliyo Dar na kuiambia kwamba yeyote atakayebisha mlango 2222 kutoka ndani ya seva hiyo aletwe kwenye mlango 22 wa kituo. Mwalimu anaingia kwenye seva, anabisha 2222, na yuko Mlalo. Kwa kuwa mtandao utakatika, kituo kiwekewe programu kama autossh ya kupiga tena kila muunganisho unapokufa. Na kwa kuwa kisanduku kilicho juu ya paa kinaweza kuibwa pamoja na ufunguo wake wa siri, ufunguo huo usiwe ule wa msimamizi. Katika authorized_keys ya seva, mstari wa kila ufunguo unaweza kuwekewa masharti mbele yake: restrict hunyang'anya ruhusa za ziada, kama ile ya kufungua njia, na nyongeza zake hurudisha ile unayoitaka tu; command hulazimisha programu moja ianze, hata mwenye ufunguo aombe nyingine. Kituo cha Mlalo kiruhusiwe kufungua njia ya 2222 na kisipewe dirisha la amri. Mwalimu naye awe na ufunguo wake, karani wa shule na wake, kila mmoja mstari wake wenye jina mwishoni, ili kisanduku kikitoweka usiku, mstari wa kufuta ujulikane kabla hakujapambazuka.